Mlango wa Kwenye Filamu

Binti yangu,

Sisi tupo, ila ukuta wa jikoni unavuja na paka amezalia kwenye kabati lako. Usicheke.

Zile filamu za sikukuu tulizokuwa tukizitazama mimi na wewe zimerudi kwenye televisheni. Unazijua: binti anarudi kwao, anampenda seremala, wazee wanalia kwa furaha. Baba yako alikuwa akitusimanga kwamba tunalilia uongo wa watu. Sasa ananishinda kuzitazama. Ila kumbukumbu zinampotea, mama, na sikutaka kukuandikia hilo. Mlango ukigongwa kwenye filamu, anainuka kwenda kufungua wa kwetu.

Huwa nawahi kupunguza sauti. Jana nilikuwa jikoni, nikachelewa. Nilimkuta ameuacha mlango wazi, mvua inaingia.

"Hakuna mtu, baba," nikamwambia. "Njoo uketi."

"Yupo," akasema. "Anaogopa kuingia. Si nilimfukuza?"

Tangu uondoke hajawahi kulitamka hilo. Hivi karibuni atalisahau, na wewe atakusahau. Njoo ugonge angali anajua anamwomba nani msamaha.

Sauti sipunguzi tena.

Mama yako