Bei Niliyomtajia Mama

Jumamosi. Upepo wa leo hapa Chang'ombe ni ule wa kufagia, vumbi likarudi kabla hujaweka ufagio chini. Midomo imenikauka. Sina hasira, sina furaha. Nipo tu.

Mama yuko kwangu wiki ya tatu sasa, ametoka Kondoa kwa ajili ya mikono yake. Daktari alisema ni pumu ya ngozi. Viganja vimepasuka, akitia udhu anafumba macho kwa maumivu. Akaandikiwa dawa ya kupaka.

Dada wa famasi alinieleza vizuri, wala sikumwomba. Aliyoandikiwa mama inatoka nje, ina jina kubwa, na tyubu yenyewe kama kidole. Ipo nyingine, dawa ni ileile, kiwanda tofauti, bei haifiki hata nusu. Bima yangu hailipii yoyote kati ya hizo. Nichague mwenyewe.

Nikachukua ya ghali. Nisijidanganye, haikuwa kwa ajili ya mama. Nilitaka kuonekana mtoto anayenunua ya ghali.

Na bei nikamtajia.

Sikuulizwa. Nilipomkabidhi tu, nikaitaja yote, na nauli juu. Mama akasema "Mungu akuongezee", akaipokea kwa mikono miwili.

Wiki mbili zimepita, mikono haiponi. Nikaanza kumshuku yule dada kwamba kaniuzia feki. Jana nilishapanga cha kwenda kumwambia, na hayakuwa maneno ya kuandika hapa.

Leo mchana kaja mgeni. Nikafungua kabati la vyombo vya wageni nitoe glasi, na nyuma ya zile sahani za maua nikaikuta tyubu. Nzima. Hata mdomo wake haujatobolewa. Kumbe siku zote hizo mama anajipaka mafuta ya mgando!

Mgeni alipoondoka nikamuuliza. Hakuona aibu hata kidogo.

"Dawa ya bei ile, mwanangu, niipake mikono ya kushika jembe? Nimekutunzia wewe. Ngozi hiyo umeirithi kwangu, nawe itakuja kukupasuka."

Niliumia. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Jioni nikarudi famasi kuchukua ile ya bei ndogo. Yule dada akanichangamkia, akamuulizia mgonjwa, mimi haya zimenijaa. Njiani nikabandua kibandiko cha bei. Nyumbani nikamwambia mama kwamba hii wanaigawa bure hospitali. Uongo mtupu, na dhambi yake ni yangu.

Akapaka. Hakubania, alipaka viganja, akapaka vidole kimoja kimoja, akapanda mpaka viwiko. Halafu akasema, kama ni ya bure, basi Jumatatu nichukue na za majirani zake watatu kule Kondoa, nao mikono inawasumbua.

Nimeitikia.

Jumatatu nitauliza famasi kama ukinunua tatu wanapunguza.