Samadi Iliyowasha Macho

Mjukuu wangu Shija,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima, ila babu yako mguu unamsumbua. Na wewe andika herufi kubwa, unaniumiza macho.

Unauliza kama zamani tuliwajua hao vijidudu wa udongoni wanaogeuza amonia ya samadi kuwa naitreti, chakula cha mimea. Majina hatukuyajua. Mama mkwe wangu alijua kwa pua.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Uyui, tuliacha nyuma zizi la zamani na udongo wake mweusi. Nikazoa samadi mbichi ya zizi jipya. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hiyo bado inawasha macho. Iache kwanza iishe ukali." Nikamjibu, "Kwani mvua itakungoja wewe?" Nikaimwaga yote kwenye mashina.

Mahindi yakaungua. Kumbe alikuwa anawangojea hao vijidudu wako wamalize kazi.

Mwaka ule wa njaa alinisogezea ugali wake kila siku, kwa kuwa nilikuwa namnyonyesha baba yako. Mvua zilizofuata hakuzikuta. Hakunilaumu hata mara moja, Shija. Afadhali angenitukana.

Bibi yako,
Kalunde