Finjani ya Marta

Nizwa, Jumanne

Bado namuona Marta anakunywa tu.

Katoka Ureno, mwanafunzi wa darasa la watu wazima kama mie. Tunabadilishana: wiki hii yeye kwetu, mwezi ujao mie kwao. Leo Mama alimmiminia kahawa. Akamaliza, akanyoosha finjani bila ya kuitikisa, na kwetu asiyetikisa hujazwa. Mama akajaza. Akajaza tena, na tena.

Mie nikidhani kaipenda. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu hajui kusema basi. Hebu mwoneshe."

Nikamwonesha. Akacheka huku machozi yanamlenga. Kumbe alikuwa anaona haya kukataa.

Toka hapo roho yangu haijatulia. Yeye katukuta sisi wa kumwonesha. Mie kule sitajua hata ipi ndiyo finjani. Nitacheka pasipo pa kucheka, nitanyamaza panapotakiwa neno, na wao kwa adabu zao hawataniambia kitu.

Nimemuuliza Mama kama bora niache safari. Na kama wakinichoka, na kama...

Kanitazama, kaitikisa finjani yake, kaiweka chini.