Brashi Niliyokuachia

Muhaisnah, Dubai
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Matia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila joto linatubanika tangu basi la kampuni litushushe saiti. Goti la mama linaendeleaje?

Rosina wa mtaani kwetu, ninayefanya naye kazi huku, anakuja likizo. Nimempa maelezo yangu ya mahakamani, ya kesi yetu ya kupinga mafundi kufukuzwa kijiweni, akukabidhi. Mpelekee wakili Lillian kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeandika yote. Pale kijiweni kando ya barabara hatukuzuia gari la mtu: fundi rangi anainua brashi, mwenye kazi anasimama. Kwa hilo mgambo walinilaza ndani siku mbili. Kama katiba inaniruhusu kusema, kuinua brashi nako ni kusema. Mashahidi wengine wameogopa, nimebaki mimi.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Huku kusimama barabarani kuomba kazi ni kujitafutia balaa. Una kafeel mmoja, mwajiri aliyekudhamini, khalas, basi. Kijiwe kikifungwa, nikirudi sina pa kushika. Nitunzie brashi yangu.

Kaka yako,
Deus

2 Septemba

Shikamoo kaka,

Sisi wazima, goti la mama lina nafuu. Kesi tumeshindwa. Jaji kasema hakuna ushahidi. Karatasi zako hazikufika. Labda Rosina alizipoteza, unamjua alivyo. Yaishe, kaka. Tafuta mkataba mwingine huko huko.

Mdogo wako,
Matia

20 Septemba

Matia,

Natumai hamjambo. Rosina amerudi. Nilimfokea mbele za watu mpaka akalia. Kisha akasema, "Deus, nilimkabidhi Matia mkononi. Alikuwa amevaa sare ya mgambo."

Niambie anadanganya. Nakuomba.

Kaka yako,
Deus

11 Novemba

Shikamoo kaka,

Hadanganyi. Nilisimama pale miezi saba na brashi yako, gari halisimami. Nikapata nafasi ya mgambo. Mkuu wetu alijua sisi ni ndugu. Alisema karatasi zikifika kwa wakili, sare naivua. Goti la mama limetibiwa kwa sare hii. Nisamehe. Damu nzito kuliko maji.

Mdogo wako,
Matia

15 Desemba

Matia,

Hiyo damu nzito nimeisoma kwenye basi, nikacheka peke yangu. Umenisaliti, na imeniuma kuliko zile siku mbili za mahabusu. Rosina nimemwomba radhi. Mpaka leo haitikii salamu yangu.

Natua Ijumaa. Brashi yangu iache kwa mama. Jumatatu asubuhi nitakuwa kijiweni, nimeiinua. Ukitaka kunikamata, njoo mwenyewe, usimtume mwenzako.

Deus, fundi rangi