Mshumaa wa Dirishani

Norwood, Johannesburg
2 Novemba

Mpendwa Dada Beatha,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na kwamba Morogoro mmeshaonja mvua. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayougua. Leo ni Siku ya Marehemu, na najua umeshatoka kumwashia mama mishumaa kaburini huku ukiguna kwamba Perpetua aliyeolewa na Myahudi, akaingia dini ya mumewe, hawashi tena. Nawasha, dada. Sisi tunawasha nyumbani, mshumaa wa kwenye bilauri, unawaka usiku na mchana marehemu anapotimiza mwaka.

Juzi jioni mume wangu Reuben alitimiza mwaka. Nikaweka mshumaa dirishani, karibu na kiti chake. Nilisahau kwamba ilikuwa tarehe 31 Oktoba, siku ambayo watoto wa mtaa huu hujivika kama mizimu na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, na kwamba kwao mshumaa dirishani maana yake ni karibuni. Kengele ya geti ikalia. Nikakuta watoto sita, na mbele yao msichana wa miaka kumi na moja hivi, amejifunika shuka lenye matundu mawili. Niliwapa kashata zote ulizonitumia, nikarudi ndani nikalia.

Umekaa na binti yangu Hana miaka yote hii na hujaniuliza kwa nini alimkimbia baba yake. Alipokuwa na umri wa msichana yule, binamu zake, watoto wa wifi yangu, walimwalika wakaombe pipi pamoja. Rabi alikuwa ameshatuonya kwamba siku hiyo ilitoka kwa wapagani wa Ulaya, walioogopa wafu wao majani yakianza kupukutika, na kwamba Torati inakataza kufuata desturi za mataifa. Kama ni kujivika, tunayo sikukuu yetu ya Purimu. Reuben alicheka. Alisema hapa Oktoba hakuna jani linalopukutika, mijakaranda ndiyo kwanza inachanua, kwa hiyo mizimu ya Ulaya ikija itapotea njia. Na mtoto anafuata pipi, hafuati miungu.

Hata hivyo Hana hakwenda. Aliambiwa baba amekataa. Akasimama dirishani akiwatazama binamu zake weupe wakipita, akaamini baba yake anaona haya kuonekana na mtoto mweusi. Tangu jioni ile hakumwita tena baba. Mwaka jana, tulipomzika Reuben, Hana alituma rambirambi kama mtu baki.

Dada, aliyekataa ni mimi.

Wiki ile mwanamke mmoja wa sinagogi alikuwa ameniuliza, huku akitabasamu, kama kwetu bado tunatambika. Nilisoma miaka mitatu mbele ya marabi ndipo wakanipokea. Nikaogopa kwamba mwanangu akionekana amevaa mzimu, watasema mizimu nimekuja nayo mimi. Nikamwambia Hana baba amekataa, maana neno la baba halina rufaa. Reuben alikuwa sebuleni, alisikia, na hakunikana. Baadaye nilipotaka kusema kweli alinizuia. Alisema katika ukoo ule Hana ana mtu mmoja tu anayefanana naye, ndiye mimi, asije akampoteza huyo. Nami nilikubali upesi, kwa sababu ilinifaa. Nikangoja Hana akue, akakua. Nikangoja arudi, Reuben akafa. Naona aibu, dada.

Nakuomba umsomee Hana barua hii, usiruke neno. Vuai, msafiri anayekuletea barua hii, ana kifurushi pia. Ndani mna shuka ambalo Hana hajawahi kuliona. Reuben alilitoboa mchana wa siku ile, Hana akiwa shuleni, ili amshtukize akirudi. Hakuwa mtu wa mkasi. Jicho moja liko juu ya jingine.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na mama ukienda tena kaburini. Hana usimpe salamu zangu mpaka aziulize mwenyewe.

Mdogo wako,
Perpetua