Kamera Aliyoichagua Mama

Okazaki,
17 Novemba 1996.

Mpendwa mdogo wangu Noboru,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo? Marli hajambo? Na hao watoto, Renato na Emi, bado wanagombana? Huko Brazili nadhani joto limeanza. Huku tumeshatoa mablanketi, na chenza za Mjomba Sadao zimeiva mapema mwaka huu. Mama mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Mimi nami mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Ukiniuliza nasikiaje, sisikii kitu. Ni kama mguu uliokufa ganzi: najua ni wangu, basi.

Tulipata simu yako siku ya mazishi ya Baba. Najua kiwandani hawakukupa ruhusa. Hakuna aliyekulaumu, isipokuwa Shangazi Fumie, na huyo hulaumu hata mvua.

Picha ya kuweka mbele ya jeneza ilitutoa jasho. Tulipekua makasha yote. Mimi nimo, wewe umo, Mama yumo mamia kwa mamia, hata paka yumo. Baba hayumo, maana siku zote yeye ndiye alikuwa nyuma ya kamera. Mwishowe tukakuza ile ya leseni ya kuendeshea gari. Amekodoa macho kama mtu aliyeibiwa baiskeli.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeomba kitu kimoja tu, kamera aliyokuahidi Baba ulipoondoka, na ni haki yako. Lakini Noboru, kamera hiyo haipo. Imeungua pamoja na Baba.

Unajua wasimamizi wa mazishi wanavyokataza vyuma na vioo ndani ya jeneza. Msimamizi wetu alimuuliza Mama kwa adabu zote, naye akajibu kwamba ameweka kofia, sweta na maua tu. Sweta ndiyo ilikuwa imeifunika kamera. Nilipombana baadaye alinijibu bila hata kuinua macho: "Sasa huko aendako atakaaje bure? Baba yako hajui kukaa bure."

Tulipoingia kuokota mifupa baada ya mwili kuchomwa, palikuwa na donge la kioo karibu na kifua, dogo kama kokwa ya pichi, na shaba iliyoyeyuka pembeni. Mtumishi wa tanuru aliona haya kuliko sisi, akataka kuliondoa. Mama akamwambia, "Liache hilo, ni lake." Akalishika kwa vijiti vyake, mimi nikalipokea kwa vyangu, kama tulivyofanya na mifupa. Sikulia, na mpaka leo sijalia, na Shangazi Fumie ameshalisema hilo kwa majirani wote.

Barua yako ilipofika Mama akaisoma, akaikunja, akasema twende Nagoya tukanunue nyingine ya aina ileile. Shauri lake lilikuwa tukutumie na tunyamaze. "Yuko mbali," akasema, "atajuaje?" Sikubishana naye. Siku hizi sina nguvu ya kubishana hata na kuku.

Duka ni la Bwana Kuramochi, kule Osu, anauza kamera kuukuu tu. Akatupangia tatu juu ya kitambaa, zote kama ya Baba: zile ambazo ukichungulia unamwona mtu wawili, unazungusha lenzi taratibu mpaka wale wawili wanaingiana wanakuwa mmoja, ndipo unabonyeza. Ya kwanza ilikuwa inang'aa. Mama akaisukuma kando.

"Hii safi mno. Mwanangu atashtuka."

Bwana Kuramochi akacheka. "Bibi, watu wote wanaoingia humu wananiomba isiyo na mkwaruzo. Wewe unataka iliyokwaruzika?"

"Nataka iliyoishi na watu."

Kisha Mama akafumba macho, akamwambia ambonyezee kila moja sikioni aisikie inavyolia. Hee! Nikatazama sakafu kwa aibu. Ya pili akasema inakohoa. Ya tatu ilipolia, tki, akafumbua macho. Akasema, "Hii. Hii ndiyo ilikuwa ikinikatiza nikipakua wali."

Bwana Kuramochi akamshauri achungulie kwanza kabla ya kununua, akatia na filamu ajaribu. Mama akanigeukia. "Inachunguliwa wapi?" Noboru, miaka yote ile, na hakuwa amechungulia hata mara moja. Yeye alikuwa wa kusimama mbele na kununa.

Nikasimama mlangoni. Akaanza kuzungusha.

"We Chizuko, mbona uko wawili?"

"Zungusha, Mama."

"Nazungusha. Huyu mmoja anamkimbia mwenzake."

Nikangoja. Watu wakapita nyuma yangu na mifuko yao, kiatu kikaanza kunibana. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, bonyeza basi, wali unapoa!" Na wali wenyewe haukuwepo. Ni maneno yake yeye, aliyokuwa akimtupia Baba kila sikukuu.

Akanijibu kutoka nyuma ya kamera, "Ngoja. Bado hujawa mmoja."

Unakumbuka ni nani aliyekuwa akisema hivyo. Mama hakuishusha ile kamera. Alikaa nayo machoni muda mrefu, mimi nikiwa pale mlangoni, kisha, tki.

"Kumbe alikuwa anatutazama muda wote huo," akasema. "Mimi nilidhani anachezea chuma."

Kwenye treni aliipakata. Tulipokaribia kushuka akasema, "Hii siitumi. Hii ni yangu. Mwandikie Noboru ukweli, na umpelekee kile kioo."

Basi nimekuandikia ukweli. Ndani ya kifurushi utakuta soksi ya Baba, na ndani ya soksi mna lile donge. Ndiyo lenzi iliyokutazama uwanja wa ndege siku ile ulipomwambia aharakishe, utaachwa. Nimelichungulia dirishani. Halionyeshi kitu, linapitisha mwanga tu.

Siku ya arobaini na tisa ya Baba ni mwezi ujao, ndipo tutakapozika mifupa. Sikuombi uje, najua mambo yako yalivyo. Nakuarifu tu habari ya filamu. Mama alipiga ile moja yangu dukani, akapiga moja ya picha ya leseni ya Baba, kisha akafunga mfuko. Nilimwambia aimalizie hata kwa maua tuipeleke kusafishwa. Akaniambia, "Wee! Zilizobaki ni za Noboru. Akija nitamsimamisha pale mlangoni, na safari hii hatanihimiza."

Msalimie sana Marli, uwabusu Renato na Emi. Mjomba Sadao anakusalimu, na Shangazi Fumie pia, kwa namna yake. Waliotutangulia wakulindeni nyote huko mliko.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata kama kwa sasa sisikii kitu,

Chizuko