Siku Chombo Kilipokataa Shambani kwa Senje

Nyumbani kwa Mzee Shivachi,
S.L.P. 1140,
Kakamega.

Jumapili, 25 Mei 2025

Mpendwa Senje Selpher, shangazi yangu,

Habari za Winnipeg? Mgongo wako unaendeleaje, na wale wazee unaowatunza, bado wanakupigia kengele kabla hujaketi? Huku tunapumua, Mungu anasaidia. Mama alishikwa na malaria ikamwachia mdomo mchungu, lakini sasa anakula. Baba ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila nimechoka, Senje. Uchovu wa kulala nao na kuamka nao.

Ningekupigia simu, lakini simu yako ikilia hapa nyumbani wote wanajaa sebuleni, na haya ninayotaka kukueleza hayasemeki mbele ya masikio mengi.

Mahindi yamefika magotini. Maharagwe mvua imeyaozesha, hata usiulize.

Sasa shamba. Unajua kaka zako walikubaliana mbele ya naibu chifu kwamba shamba la Babu ligawanywe, na wewe upewe sehemu ya bondeni, kando ya kijito, ukipakana na Baba. Ramani ilichorwa, wakatia sahihi. Bwana Kipngetich, mpima mwenye leseni ninayemfanyia kazi mjini, ndiye aliyechaguliwa kwa kuwa si wa ukoo. Siku ya kuweka mawe ya mpaka akaitwa kortini, akanituma nianze, naye aje kuhakiki baadaye. Nilimwambia sipendi kupima kwa baba yangu. Ni Baba mkubwa Musonye aliyenishinda: "Aje tu. Mtoto wetu hawezi kutudanganya."

Kazi yenyewe iko hivi. Chombo ninachotembea nacho, kilichofungwa juu ya fimbo ndefu, kinasikiliza setilaiti, lakini setilaiti peke yake zinaweza kukosea hatua nzima au mbili. Kwa hiyo tunaweka chombo cha pili mahali tunapopajua sawasawa, nacho kinapiga hesabu ya kosa hilo na kunirushia masahihisho kwa redio. Yakinifikia, kosa linakuwa dogo kama upana wa kidole. Yasiponifikia, chombo kinabahatisha tu.

Chombo cha pili nilikiweka juu, karibu na tangi la maji, nikamwacha binamu Griffin akilinde. Mawe ya Baba mkubwa yalikwenda vizuri. Ya Baba upande wa juu yakaenda pia. Tulipoteremka kwenye kona yako, masahihisho yakakatika.

Nilidhani ni mikaratusi inayofunika anga. Nikasogea peupe: setilaiti tele, masahihisho hakuna. Nikabadilisha betri. Nikakagua kama redio zote mbili ziko kwenye chaneli moja, zilikuwa. Nikajaribu kuyapata kwa njia ya intaneti, lakini unajua bonde lile, simu haina hata mstari mmoja wa mtandao. Nikapanda kidogo, yakarudi. Nikateremka, yakapotea. Wazee wamesimama matopeni wakinitazama kama daktari ambaye mgonjwa wake hasemi.

Hapo Baba mkubwa akagonga fimbo chini. "Kwetu sisi wote hii mashine inafanyanga kazi. Ikifika kwa Selpher inanyamaza. Mtu asiniambie hiyo ni bure. Ardhi yenyewe imekataa kupewa msichana."

Senje, nilitazamia mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Naibu chifu alitazama mawingu, akasema mvua ikitukuta hapo tutaahirisha, na kwamba pengine ukoo ukae tena upya. Nilijua kukaa upya maana yake nini. Ulingoja miaka mingi wakae mara ya kwanza.

Liguru wetu, mzee wa kijiji Khayesi, akanivuta kando. "Binti, si uliweka fimbo yako hapo na namba ikatokea? Piga jiwe tuende. Nani atajua?"

Namba ilikuwa imetokea kweli, ile ya kubahatisha, na fimbo ilikuwa imesimama pale pale majani chai ya Baba yanapoishia. Nilimwona Baba akiitikia kwa kichwa, uso umemlegea kwa afueni. Kumbe siku zote alikuwa akihofia majani yake. Niliwaomba wazee wanisubiri, nikapanda kilima.

Griffin akaniambia, "Mbona inafanya kazi? Si unaona taa inawaka?" Ni kweli taa ya redio ilikuwa ikimetameta, na hiyo ndiyo iliyokuwa imenidanganya asubuhi. Taa husema redio inajaribu kurusha. Haisemi kama kitu kinatoka. Nikafuata waya wa antena kwa vidole hadi nikafika pahali palipobonyea. Mlango wa gari ulikuwa umeubana, ngozi yake ikapasuka, maji ya mvua ya siku iliyotangulia yakaingia. Kilichokuwa kinatoka kilitosha kufika karibu na nyumba tu. Bondeni kilikuwa kinafia njiani.

Sikuwa na waya mwingine. Nikaizima redio, nikautoa ule mbovu, nikafunga antena moja kwa moja kwenye redio, na Griffin akapanda nayo juu ya mnara wa tangi, akaifunga kwa kamba ya ng'ombe. Kabla ya kuteremka nilikwenda kwenye jiwe la zamani la kona ya barabara, nikalipima, namba zikalingana na zake za zamani. Ndipo nikashuka.

Bondeni chombo kikashika, kikatulia. Nikafuata ramani yako. Fimbo haikusimama mwisho wa majani. Ilisimama ndani yake. Mistari miwili ya chai ya Baba, kuanzia kijitoni hadi kwenye mvule, iko kwako.

Nilipima mara ya pili, nikaomba iwe nimekosea. Haikuwa.

Baba mkubwa akasogea kando kupisha jiwe. Baba aliuliza tu, "Ni hapo?" Nikamwambia, "Ni hapo, Baba." Akasema, "Basi piga." Jiwe likaingia, mvua ikashuka. Mama alikuwa amewapikia wazee obusuma na ingokho, ugali na kuku, wakala vizuri. Baba hakuja mezani. Kwa siku kadhaa alinisalimia kama anavyomsalimia karani wa benki.

Bwana Kipngetich alikuja wiki iliyofuata, akahakiki yote mwenyewe. Akasema jiwe lako liko mahali pake. Nilifurahi, na nilitamani aseme vingine.

Jana nilimkuta Baba bondeni peke yake na karai la saruji. Mvua ilikuwa imekula udongo kando ya jiwe lako, likaanza kuinama, naye alikuwa analijengea. Nikachuchumaa nimsaidie. Tulifanya kazi hadi akamaliza kulainisha kwa mwiko. Kisha akasema, bila kunitazama: "Mwandikie dada yangu. Mwambie lake limesimama. Ile mistari miwili nitaichuma mpaka aje. Akija atanionyesha anataka nini."

Ndiyo maana nimekuandikia. Usimpe jibu kupitia kwangu, Senje. Mpigie yeye, mchana, akiwa shambani peke yake.

Mama anakusalimu sana. Griffin, Baba mkubwa Musonye na mama Dorothy wa kanisani pia. Mungu akufunike kwenye hiyo baridi na akulinde ukitoka kazini.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikichoka,

Mideva